Ng'ombe Mmoja Hafungwi Nira Mbili

Yapo maneno matatu ambayo siku hizi hutumika kufunga mjadala kabla haujafunguliwa: "Ni mazoezi tu." Tunayasikia kwa kijana aliyejiunga na darasa la yoga karibu na ofisi yake. Tunayasikia kwa mama aliyeshauriwa kunyoosha mgongo, na kwa wafanyakazi wa hoteli za ufukweni Zanzibar wanaowatandikia wageni mikeka alfajiri. Upande wa pili yapo maneno mengine matatu, yanayotoka katika mikutano ya injili na kusambazwa kwa simu: "Ni mapepo tu." Wanaosema hivi na wanaosema vile hugombana sana, lakini wanafanana kwa jambo moja. Hakuna kati yao aliyekwenda kuwauliza wenye yoga kwamba yoga ni nini.

Sisi tunayapinga maneno hayo yote sita. Tunasema kwamba yoga ni njia kamili ya maisha, yenye maadili yake, sala yake, nidhamu yake na mwisho wake. Na kwa kuwa ni njia kamili, inastahili jibu kamili kutoka kwa Mkristo. Neno "tu" halitoshi, liwe limetamkwa na anayeipenda au na anayeiogopa.

Tena jambo hili si la kupitishia muda baada ya ibada. Likija ombi la kukodi ukumbi wa usharika kwa ajili ya darasa la yoga, wazee wa kanisa watatakiwa kujibu ndiyo au hapana, na kutoa sababu. Mshiriki mwenye maumivu ya mgongo atatakiwa kuamua afanye nini Jumatatu asubuhi. Mzazi atatakiwa kumjibu mtoto anayeuliza. Na yupo jirani yetu Mhindu, mwenye duka au mwenye karakana mtaani, ambaye kwa majibu yetu tutakuwa tumemsema kweli au tumemsema uongo. Kwa hiyo tulichukue jambo hili taratibu.

Wenyewe wanasemaje

Neno yoga ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, nalo limetoka katika mzizi wenye maana ya kufunga pamoja, kama ng'ombe wafungwavyo nira. Hata neno la Kiingereza lenye maana ya nira ni ndugu wa neno hilo hilo. Tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Kitabu kinachotajwa zaidi na walimu wa yoga ni Yoga Sutra za Patanjali, ambazo wanazuoni wengi huziweka katika karne tano za kwanza baada ya Kristo. Ni kitabu kifupi, chenye sura nne na misemo isiyofika 200. Humo njia ya yoga inaelezwa kuwa na viungo 8, na utaratibu wake hauanzi na mwili kabisa.

Kiungo cha kwanza ni yama, yaani miiko mitano: kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutoiba, kuzitawala tamaa za mwili, na kutolimbikiza mali. Cha pili ni niyama, yaani mambo matano ya kushika: usafi, kuridhika, kujinyima, kujifunza maandiko matakatifu, na kujitoa kwa Ishvara, neno linalomaanisha Bwana. Cha tatu ndicho asana, yaani mkao wa mwili. Cha nne ni pranayama, kuitawala pumzi. Cha tano ni pratyahara, kuiondoa milango ya fahamu katika vitu vya nje. Cha sita ni dharana, kuikaza akili mahali pamoja. Cha saba ni dhiyana, tafakuri isiyokatika. Cha nane ni samadhi, kuzama kabisa katika kile kinachotafakariwa.

Mkao wa mwili, basi, ni kiungo kimoja kati ya vinane. Patanjali anaupa misemo mitatu tu, na anachodai ni kwamba uwe imara na usiwe wa kuumiza, ili mtu aweze kuketi muda mrefu akitafakari. Hafundishi kusimama kwa kichwa wala kukunja mwili kama kamba. Anachokitafuta ni ile hali anayoiita kaivalya: nafsi kubaki peke yake, imefunguliwa kutoka katika maumbile yote na kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa tena na tena.

Si Patanjali peke yake. Bhagavad Gita, kitabu kinachopendwa na Wahindu wengi kuliko Yoga Sutra, kinaitumia yoga kwa maana pana zaidi. Kuna njia ya matendo, ambapo mtu hutimiza wajibu wake bila kutamani malipo. Kuna njia ya ibada, ambapo mtu hujitoa kwa upendo kwa Mungu anayemwabudu. Kuna njia ya maarifa. Mhindu aweza kuishi yoga maisha yake yote asiguse mkeka hata siku moja.

Waswahili husema: ukipenda boga, penda na ua lake. Wenye yoga wanasema hivyo hivyo juu ya yoga. Ndiyo maana Hindu American Foundation, taasisi ya Wahindu walioko Marekani, imepaza sauti kwamba yoga imeng'olewa katika mizizi yake na kuuzwa kama mazoezi ya kupunguza unene. Malalamiko hayo ni ya haki, na inafaa Mkristo ayasikilize kabla ya kufungua kinywa.

Mkeka ulivyofika hapa

Mtu atauliza: kama ni hivyo, mbona kila picha ya yoga ni ya mtu aliyejikunja?

Mikao ilikuwapo India tangu zamani. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaeleza mikao ipatayo 15, mingi ikiwa ya kuketi. Lakini Swami Vivekananda alipokwenda Chicago mwaka 1893 kuhutubia Bunge la Dini za Dunia, na alipotoa kitabu chake Raja Yoga mwaka 1896, hakuwauzia Wamarekani mazoezi ya viungo. Aliwapelekea falsafa na tafakuri, na yoga ya mikao aliipa nafasi ndogo sana.

Mabadiliko yalikuja baadaye. Katika miaka ya 1930, katika kasri la mfalme wa Mysore kusini mwa India, mwalimu Krishnamacharya aliwafundisha vijana mfululizo wa mikao yenye nguvu nyingi. Wanafunzi wake, akiwamo B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois na mwanamke aliyejulikana kwa jina la Indra Devi, ndio waliousambaza mtindo huo duniani. Indra Devi alifungua darasa Hollywood. Iyengar alitoa kitabu chake maarufu, Light on Yoga, mwaka 1966.

Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu alichokitoa mwaka 2010, ameonyesha kwamba mikao hiyo ya kisasa ilikua wakati mmoja na jimnastiki za Ulaya zilizoingia India enzi za ukoloni, na kwamba ilichota mengi humo. Na miongoni mwa waliozieneza jimnastiki hizo India ni YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, kilichofungua chuo cha elimu ya viungo mjini Madras mwaka 1920. Kwa hiyo anayedai kwamba kila mkao ulishushwa na miungu ya India zamani za kale hajui historia. Huenda baadhi ya mikao anayoikemea ilipitia mikononi mwa Wakristo wenzake.

Halafu yakaja mataifa. Tarehe 11 Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India lililoungwa mkono na nchi 177, liliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ndiyo sababu kila mwezi wa sita mikeka hutandikwa Dar es Salaam na Nairobi, na picha hujaa magazetini. Kilichofika kwetu ni kiungo kimoja kati ya vinane, tena kimevaa nguo mpya.

Wanaosema "ni mapepo tu"

Tuanze na hawa, kwa kuwa wengi wao ni ndugu zetu wa mimbarini.

Wanafundisha kwamba mkao wenyewe ni mlango, na mtu akiinama kwa namna fulani pepo huingia. Hebu tumtazame mama anayepalilia mihogo. Miguu imenyooka, kiuno kimekunjwa, mikono imefika chini: huo ni mkao wa yoga. Tumtazame aliyechuchumaa akichochea moto wa mafiga: huo nao ni mkao wa yoga. Tumtazame mchungaji wa Kimasai aliyesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, macho kwa ng'ombe: huo nao wamo nao. Kama umbo la mwili peke yake huita mapepo, basi mashamba yetu yote yamepagawa.

Maandiko hayasemi hivyo. Zaburi ya 24 inaanza kwa kukiri kwamba dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana, na mwili ni mojawapo ya hivyo vilivyomo. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 8, anawaambia waumini wazi kwamba sanamu si kitu. Ni kweli, katika sura ya 10 mtume huyo huyo anaonya kwamba dhabihu za mataifa hutolewa kwa mashetani. Je, anajipinga? La hasha. Anachokikataza ni ibada, yaani kushiriki meza ya Bwana na meza nyingine. Misuli haiabudu. Anayeabudu ni mtu, kwa nia yake, kwa ulimi wake na kwa kujitoa kwake.

Tena mafundisho haya ya hofu yana hasara mbili. Ya kwanza, mgonjwa wa mgongo huacha mazoezi aliyoyahitaji, akaenda kuombewa kwa jambo ambalo hakulifanya. Ya pili, jirani Mhindu hugeuzwa kuwa mchawi machoni pa watoto wetu. Mtu huyo anafundishwa na dini yake asidhuru, asiseme uongo, asiibe. Paulo, katika Warumi sura ya 2, anakiri kwamba watu wasio na torati huweza kuitenda kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Sisi ni nani tukatae kuiona sheria hiyo inapoonekana waziwazi katika miiko mitano ya yama? Aliyelishinda kaburi haogopi mkeka, wala hatuna haja ya kumsingizia jirani ili kumtetea Kristo.

Wanaosema "ni mazoezi tu"

Hawa ni wapole zaidi, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kuwapinga. Lakini hawasemi kweli.

Tutoe mfano wa Marekani. Jimbo la Alabama lilipiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993. Mwezi wa tano mwaka 2021 marufuku hiyo iliondolewa, kwa masharti: mikao iitwe kwa majina ya Kiingereza, na maneno ya ibada yasitamkwe, hata salamu ya namaste isitumike. Ajabu iliyoje! Namaste ni salamu ambayo mamilioni ya Wahindi husalimiana nayo barabarani, na Mkristo anayemwitikia jirani yake kwa heshima hajaabudu kitu. Wametunga sheria ya kuiruhusu yoga kwa sharti kwamba isiwe yoga. Kama kilichobaki ni kunyoosha viungo, kwa nini kisiitwe kunyoosha viungo?

Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakabuni kitu wanachokiita "yoga ya Kikristo": mikao ile ile, lakini badala ya mantra huwekwa mistari ya Zaburi. Wanadhani wameitakasa. Sisi tunasema wamechukua kitu cha jirani bila ruhusa, wakafuta jina la mwenyewe, wakaandika la kwao. Kutoiba ni mmoja wa miiko mitano ya kwanza ya yoga yenyewe, na ni mojawapo ya Amri Kumi. Hivyo "yoga ya Kikristo" inavunja yoga na Ukristo kwa pigo moja.

Tujaribu kugeuza jambo hili, kama Bwana alivyotufundisha katika Mathayo 7:12 kuwatendea watu vile tunavyotaka kutendewa. Tuseme watu wa nchi nyingine wamependezwa na Meza ya Bwana. Wanachukua mkate na kikombe, wanaondoa maneno ya Kristo, wanaondoa toba na msamaha, halafu wanafungua duka mjini: mkate kidogo na divai kidogo kila juma, kwa afya ya tumbo na utulivu wa akili. Wakiulizwa wanajibu, "Ni chakula tu." Ni mshiriki gani miongoni mwetu angevumilia? Basi tusimtendee Mhindu kile ambacho tungekililia.

Na yule anayesema, "Lakini yananisaidia mgongo"? Tunafurahi pamoja naye, wala hatumwambii kwamba anajidanganya. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2017 yalionyesha kwamba yoga huwasaidia kwa kiasi watu wenye maumivu sugu ya kiuno, wakilinganishwa na wasiofanya mazoezi yoyote. Lakini yalipolinganisha yoga na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo au haikuwapo. Maana yake ni kwamba mgongo unahitaji kunyooshwa na kuimarishwa, na hauulizi jina la zoezi. Wanaohitaji hasa yoga ni wale wanaotafuta kile ambacho yoga yote, kwa viungo vyake vinane, imekusudiwa kukileta. Na hapo ndipo Mkristo anapotakiwa kusimama na kuuliza: kinaniletea nini, na kinanipeleka wapi?

Njia zinapoachana

Mtu atasema kwamba asili si hoja, kwa kuwa hata pete ya ndoa ilivaliwa na wasiomjua Mungu wetu. Tunakubali. Hoja yetu haihusu njia ilikoanzia, inahusu inakoishia. Tunaona tofauti tatu.

Ya kwanza ni mwili. Njia ya Patanjali inautumia mwili kwa uangalifu mkubwa, lakini mwisho wake ni nafsi kuachana na mwili na maumbile yote. Sisi kila Jumapili tunakiri ufufuo wa mwili. Neno alifanyika mwili, akapigwa misumari katika mwili, akafufuka akiwa na makovu, akala samaki. Mwili kwetu si gari la kuteremka tukifika. Utafika pamoja nasi, umebadilishwa.

Ya pili ni neema. Viungo vinane ni ngazi, na mpandaji hupanda kwa nidhamu yake mwenyewe. Tuwe waangalifu hapa: zipo shule za Kihindu zinazofundisha kwamba Mungu humhurumia anayemwita, na anayesema Wahindu hawajui habari ya neema amesema haraka mno. Lakini ngazi ya Yoga Sutra inabaki kuwa ngazi, na hata Ishvara anayetajwa humo hatelemki kuwabeba waliochoka chini. Injili ni habari ya Mungu aliyetelemka. Waefeso 2:8-9 inatuondolea kabisa majivuno ya kupanda.

Ya tatu ni mwenzetu. Yoga inaanza kwa jirani, maana mwiko wa kwanza ni kutomdhuru. Lakini inaishia katika upweke, na ndiyo maana halisi ya neno kaivalya. Sisi tunakwenda kwenye karamu. Ufunuo 7:9 unaonyesha umati usiohesabika wa kila kabila na lugha, wamesimama pamoja. Mkristo akifika peke yake amepotea njia.

Tuongeze neno juu ya pumzi, kwa kuwa wapo wanaosema kwamba prana ya Wahindu na Roho Mtakatifu ni mamoja. Kiswahili chenyewe kinaweza kutuvuta huko, maana husema mtu "amekata roho" pumzi inapoisha. Lakini pumzi uliyopewa katika Mwanzo 2:7 ni zawadi ndani ya kiumbe, na Roho Mtakatifu ndiye Mwenye zawadi. Pumzi waweza kuihesabu, kuizuia na kuiachia. Roho hafungwi na mapafu ya mtu.

Vivyo hivyo juu ya kutafakari. Katika Zaburi ya 1, mwenye heri huitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na neno la Kiebrania lililotumika pale lina maana ya kunong'ona, kusema kwa sauti ya chini. Tafakuri ya Kibiblia ina kinywa, ina maneno, na ina Mtu anayesikiliza.

Hapa ndipo nira inaporudi. Yoga kwa asili ya jina lake ni nira. Na Bwana wetu, katika Mathayo 11:28-30, anawaita waliolemewa wajitie nira yake, ambayo ni laini. Mkulima yeyote wa Shinyanga au Mwanza anayelima kwa plau anajua kwamba ng'ombe mmoja hafungwi nira mbili. Nira ya pili ingeweza kuwa imechongwa vizuri sana, kwa mti mzuri sana. Tatizo ni kwamba shingo ni moja.

Basi tufanye nini

Makanisa hayajajibu kwa sauti moja. Barua ya Vatikani ya tarehe 15 Oktoba 1989, iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger, ilionya juu ya hatari za kuchanganya njia za tafakuri za Mashariki na sala ya Kikristo, lakini haikuzitupa zote kwa sababu tu si za Kikristo. Sinodi ya Kanisa la Ugiriki, mwezi wa sita mwaka 2020, ilisema yoga haina nafasi katika maisha ya Mkristo. Sisi tunashika kanuni ambayo Paulo aliwapa Wakorintho juu ya nyama ya sokoni, katika 1 Wakorintho 10:25-29. Nyama inunuliwe na kuliwa bila maswali, maana dunia ni ya Bwana. Lakini mtu akisema kwamba hii imetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema.

Kanuni hiyo inatatua mengi. Kunyoosha mgongo, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuvuta pumzi taratibu: hiyo ni nyama ya sokoni. Ifanye kwa shukrani, nyumbani kwako au kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Lakini mwalimu akikuambia kwamba salamu hii ni ya jua, kwamba mantra hii ni ya mungu fulani, kwamba mwisho wa darasa hili ni kugundua kuwa wewe na Uungu ni kitu kimoja, basi amekuambia. Mwamini. Anaijua njia yake kuliko wewe. Mshukuru kwa ukweli wake, kunja mkeka, ondoka bila kumtukana.

Juu ya ukumbi wa usharika msimamo wetu ni huu. Darasa la mazoezi ya viungo likaribishwe, hasa kwa wazee na kwa akina mama wanaoinama shambani na jikoni miaka yote. Darasa la yoga lisikaribishwe. Na mwombaji aandikiwe barua ya heshima inayosema sababu ya kweli: kwamba tunaiheshimu yoga kiasi cha kuamini wanayoyasema wenyewe, kuwa ni njia, na kwamba nyumba hii imewekwa wakfu kwa njia nyingine. Mhindu mwaminifu ataielewa barua hiyo. Atakayekasirika ni yule anayeuza mikao bila njia.

Neno la mwisho ni kwa wale waliosoma mpaka hapa wakifurahi kwamba wao hawajawahi kukanyaga mkeka. Tumesema kwamba anayekata viungo saba vya yoga akabakiza mikao ameitukana yoga. Je, anayekata siku sita za Ukristo akabakiza Jumapili amefanya nini? Yoga kamili inagusa ulimi, fedha, chakula, pumzi, mawazo na usingizi wa mtu. Asidhani mtu kwamba Kristo anadai machache kuliko Patanjali.

Wala asiseme kwamba Kanisa halina shule ya mambo hayo. Shule hiyo ipo, tena imeanzia barani kwetu. Antoni wa Misri aliingia jangwani katika karne ya 3 kusali, kufunga na kufanya kazi kwa mikono, na Athanasi, askofu wa Aleksandria, akaandika habari za maisha yake ili wengine wajifunze. Wakristo wa Ethiopia hadi leo husali kwa mwili wote, wakisujudu hadi paji la uso liguse ardhi, na siku za mfungo wao kwa walio wengi hukaribia nusu ya mwaka. Watawa wa Mlima Athos, ambao Gregori Palamas aliwatetea katika karne ya 14, walilitaja jina la Yesu pamoja na kila pumzi. Bwana mwenyewe, katika Marko 1:35, aliamka kabla hakujapambazuka akaenda mahali pasipo watu. Anayetamani utulivu asikimbilie ufukweni kwa wageni kabla hajagonga mlango huu.

Basi, ndugu msomaji, anza kesho. Amka nusu saa kabla ya watoto. Nyoosha mgongo wako, maana Mungu ndiye aliyeuumba. Piga magoti. Soma sehemu fupi ya Zaburi, uinong'one mpaka iingie. Sema kweli siku nzima, dukani na kwenye simu. Chagua siku moja katika juma ya kufunga, na fedha ya chakula hicho mpe asiye nacho. Umsalimie jirani yako Mhindu kwa upendo, na akikuuliza kwa nini huendi darasani pamoja naye, usimwambie habari za mapepo. Mwambie kwamba nira unayo tayari, na umwambie ni ya nani.